Shali Nyekundu ya Mekiponda

Kibanda cha Kadii pale sokoni Malindi hakikuwa na kioo kizima. Kilikuwa na kipande tu, kimefungwa kwa waya kwenye nguzo, na mteja aliyetaka kujiona mpaka miguuni ilimbidi arudi nyuma hata akaribie kukanyaga meza ya Sheikha, jirani yake aliyeuza madira na mitandio. Hata hivyo wanawake walikuja. Kadii hakuuza mitumba kama wenzake, kwa kuirundika na kuipigia kelele. Alimtazama mtu kwanza, akamzunguka, kisha akaingiza mkono kwenye rundo kama anayejua kilipo.

Siku moja Jedida, mwalimu wa shule ya msingi, alichagua blauzi ya maua makubwa, sketi ya maua mengine, na herini za kufika mabegani.

"Mwalimu," Kadii akamwambia, "hapo umevaa watu watatu wanaogombana."

Jedida akacheka mpaka akajishika kiuno. "Sasa nimfukuze nani?"

"Blauzi ibaki. Sketi chukua hii ya kijivu, haina neno. Herini ziache nyumbani, utazivaa siku ya sketi hii na blauzi nyeupe. Kimoja kiseme, vingine vinyamaze."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake, na wateja walikuwa wakimtania kwayo. Wakati wa kaskazi, jua likiwaka mpaka mabati yakalia, aliwatafutia pamba nyepesi na kitani, na kitu kimoja cha kung'aa shingoni. Kusi lilipoingia na manyunyu yake, alifungua marobota ya sweta na mashali, akawafundisha kuvaa nzito juu ya nyepesi bila kuonekana wamejifunika blanketi. Hakusomea popote. Aliacha shule darasa la sita, huko Jilore, akaja Malindi kufua nguo za watu, na katika kuzifua akajifunza ipi inakaa na ipi.

Ila Kadii hakuwa mtu wa raha. Hata akicheka na wateja, jicho moja lilikuwa kwenye simu. Alihofia binti yake Zipporah akichelewa kutoka shule, na alihofia zaidi simu za kutoka Jilore. Huko ndiko alikoishi mama yake, peke yake katika nyumba yake ya udongo, kando ya shamba lake la mahindi. Watu walimwita Mekiponda, yaani mama yake Kiponda, kwa jina la kifungua mimba wake, kakake Kadii. Nywele zake zilikuwa nyeupe pe, na macho yake yalikuwa mekundu kwa miaka mingi ya moshi wa kuni. Kadii alijua vizuri nywele nyeupe na macho mekundu vinaweza kumfanyia nini mzee mahali ambapo watu wana msiba na wanatafuta wa kumlaumu kwa uchawi. Aliwajua wazee waliopaka piko, ile rangi nyeusi, kuficha mvi zao, na hawakuipaka kwa urembo.

Mwezi wa saba mama yake alikuwa Malindi kwa ajili ya macho. Daktari alisema ana mtoto wa jicho, pande zote mbili, akampa tarehe ya kurudi. Mama alikuwa bado anaona watu na milango, lakini rangi zilikuwa zimemwacha. Nyekundu na nyeusi kwake zilikuwa giza moja. Siku hizo hizo Kiponda akapiga simu.

"Mtoto wa Mwambire amefariki," alisema. Mwambire alikuwa jirani wa mama, mpaka kwa mpaka. "Ni homa. Lakini watu wanasema maneno."

"Maneno gani?"

"Kadii, usinifanye niyatamke. Mwache mama huko huko mpaka yapoe."

Kadii alikaa na simu mkononi. Mama, aliyekuwa akichambua mchele karibu yake, akauliza bila kuinua kichwa, "Wanasema ni mimi?"

"Hakuna aliyesema hivyo."

"Mtoto yule nilimpokea mimi alipozaliwa. Nisipokwenda kuwapa pole, watasema nini? Na mahindi yangu yanakaribia kukomaa. Mimi nitarudi kwangu, mwanangu. Ukitaka nipeleke, usipotaka nitaondoka mwenyewe."

Kadii hakulala vizuri. Kiponda alikuwa na haki ya kuogopa, lakini mama naye alikuwa na haki. Anayekimbia msiba wa jirani amejitia hatiani kwa mguu wake mwenyewe. Asubuhi akaamua: mama atakwenda, na atakwenda amevaa. Alijua watu wanavyomtazama ajuza mwenye leso iliyochakaa na kichwa kitupu, ameinama, hana mtu. Wamtazame basi mwanamke safi, aliyevikwa na binti yake na kushikwa mkono. Mtu mwenye watu nyuma yake hasemwi ovyo. Hivyo ndivyo alivyofikiri.

Akampangia kama alivyowapangia wateja wake, tena kwa makini zaidi. Sketi ndefu nyeusi, kwa sababu ni matanga. Sweta nyeupe ya sufu, kwa sababu kusi linavuma na kifua cha mama hakitaki baridi. Akamsimamisha mbele ya kile kipande cha kioo, akarudi nyuma, akatikisa kichwa. Vyote vilinyamaza. Mama alionekana kama mgonjwa aliyetolewa wodini.

"Mtie rangi, shoga," Sheikha akasema kutoka mezani kwake. "Uso wake umepotea." Akavuta shali kutoka kwenye mzigo mpya, nyekundu iliyoiva, ya sufu laini, akaitupia juu ya meza. "Hii zawadi yangu kwake."

Kadii akaipitisha kichwani mwa mama, ikafunika nywele zote, akaishusha begani mkunjo mmoja. Uso wa mama ukarudi. Mashavu yakapata damu, mgongo ukaonekana umenyooka.

"Mashaallah!" Sheikha akapiga makofi. "Kizee changu, leo utaposwa!"

Mama akacheka, akaishika ile shali kwa vidole, akaisugua. "Laini. Ni rangi gani?"

"Rangi ya kukupendeza, mama," Kadii akajibu, huku akimtafutia pini.

Zipporah akampiga picha hawe wake, yaani bibi yake, kwa simu, akasimama mbali, akapiga nyingine.

Walifika Jilore adhuhuri. Bodaboda iliwashusha njiani, wakaingia kwa Mwambire kwa miguu, mama ameshika mkono wa Kadii, na Kadii amebeba pakiti za sukari na majani ya chai. Wanawake walikuwa wameketi mikekani upande wa jikoni. Mmoja alikuwa akisugua sufuria kwa mchanga. Alipowaona akaacha kusugua.

Kimya kile Kadii alikidhania ni heshima. Mpaka Kavumbi, dadake Mwambire, aliposimama na kujifunga leso kiunoni.

"Karibu, Mekiponda," alisema kwa sauti ya kufika nyuma ya nyumba. "Ulikuwa ukijificha Malindi, kumbe ulikwenda kufuata vitambi vyako! Nyeusi, nyeupe, na nyekundu! Leo hata hutuonei haya."

Wawili watatu wakacheka, kicheko kisicho na furaha ndani yake.

Kadii akageuka kumtazama mama yake, na ndipo alipomwona. Si mteja wake, si uso uliopata rangi. Aliziona rangi tatu. Mtoto wa Jilore huzijua hizo kabla hajajua kuandika jina lake: vitambi, vile vitambaa vitatu vya pepo, vya uganga, vinavyokaa pamoja kwa kazi hiyo tu. Mwanamke wa kawaida akivaa nyekundu na nyeupe, hutafuta ya tatu iwe kijani, iwe buluu, iwe chochote. Na yeye Kadii alilijua hilo. Alilijua tangu akiwa mgongoni mwa mama huyu huyu. Lakini alivipanga mbele ya kioo cha Malindi, kimoja kwa sababu ya matanga, kimoja kwa sababu ya baridi, kimoja kwa sababu ya uzuri, na hakuvitazama vyote kwa jicho la nyumbani hata mara moja.

"Kadii," mama akasema kwa sauti ndogo, "nimevaa nini?"

Mkono wa Kadii ulikuwa umekwisha kwenda kwenye pini. Akaivuta shali, akaikunja, akaisukumiza ndani ya mfuko, na nywele nyeupe zikabaki wazi kwenye upepo.

"Mbona anavua?" Kavumbi akauliza. "Kama ni nguo tu, mbona anavua?"

"Ni nguo tu!" Kadii akapaza sauti. "Nimemvika mimi! Nauza nguo, nyote mnanijua! Nilitaka apendeze!"

"Apendeze matangani? Kwa mtoto wetu?"

Hapo Mwambire akatoka ndani. Alikuwa amekonda, na shati lake limefungwa vifungo vya kombo. Hakupiga kelele, na Kadii angependa apige.

"Mekiponda," alisema, "wenzangu walikuwa wakisema, mimi nawakataza. Nikawaambia huyu ndiye aliyempokea mtoto. Sasa nitawaambia nini?"

"Mwambire, mwanangu," mama akasema, akimtafuta kwa macho yasiyomwona vizuri, "poleni. Nimekuja kuwapa pole."

Mwambire alitazama chini kidogo, akarudi ndani. Sukari na majani ya chai Kadii aliviweka kwenye ncha ya mkeka. Walipofika njiani akageuka, akaona vipo pale pale, na mkeka umevutwa kando.

Kiponda aliwakuta nyumbani kwa mama. Alikuwa ameshasikia. Alimtazama mama, sketi na sweta, kisha akamwita dadake nyuma ya nyumba.

"Nilikwambia umwache huko."

"Nilitaka waone ana watu."

"Watu walikuwa na maneno tu, Kadii. Maneno huisha. Wewe umewaletea kitu cha kuonyesha kwa kidole." Akajifuta uso kwa kiganja. "Mchukue. Leo hii, jua likiwapo. Mimi siwezi kukesha mlangoni kwake kila siku, na nina wanangu."

Mama alikuwa ndani, akipapasa ukuta kutafuta jembe lake. Alipoambiwa wanarudi Malindi hakubisha. Aliuliza tu kama anaweza kwanza kugusa mahindi. Kadii akampeleka mpaka kwenye mstari wa mwanzo, naye akashika suke moja, akalibonyeza kwa kidole gumba juu ya ganda lake, akasema bado wiki chache. Kisha wakaondoka.

Mahindi aliyavuna Kiponda. Alileta gunia moja Malindi, akalishusha mlangoni, akanywa chai akiwa amesimama. Alisema ameezua makuti ya nyumba ya mama kabla hayajaoza, ameyatumia kwenye banda la mbuzi. Mama akasema amefanya vyema. Habari za kumpaka piko ili arudi kwake hakuna aliyezitaja.

Sasa Mekiponda, akingoja tarehe yake ya macho, hukaa nyuma ya kibanda, kwenye kiti cha plastiki, akikunja nguo kwa kupapasa. Wateja humwamkia shikamoo, wengine humtania, naye hujibu. Kadii bado huwapangia watu, lakini mikono imekuwa mizito. Mwanamke akija akachagua blauzi nyekundu, humwuliza mara mbili atokako, anakokwenda, na atavaa na nini, hata Jedida akasema siku hizi Kadii anahoji kama polisi.

Ile shali iko chini ya meza, ndani ya mfuko ule ule. Alijaribu kumrudishia Sheikha, Sheikha akakataa. "Rangi tu hiyo, shoga," akasema, na Kadii hakuwa na nguvu za kumweleza. Picha nayo iko kwenye simu ya Zipporah. Kadii aliitazama mara moja, akitumaini ataona ubaya wake. Mama alikuwa amesimama wima, anacheka, na bado ilikuwa imempendeza kuliko nguo yoyote aliyopata kumpangia mtu.

Kila asubuhi Kadii humvisha, na kila asubuhi mama huuliza kabla ya kuingiza mkono.

"Hii ni rangi gani?"

"Kahawia, mama."

"Na hii?"

"Kahawia pia. Imeiva kidogo."

"Na ya kichwani?"

"Kijivu."

"Hakuna nyingine?"

"Hakuna nyingine, mama."

Mama huitikia kwa kichwa, akanyoosha mkono utiwe kwenye sweta. Asubuhi moja aliuacha mkono ule hewani kwa muda.

"Haya," alisema. "Nimevaa vizuri. Nakwenda wapi?"

Kadii akamfunga vifungo, kimoja kimoja, mpaka cha juu.