Fundo Lililobaki

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, vidole vyangu vilikuwa vyembamba kuliko vyote nyumbani kwetu, kwa hiyo kazi ya kufungua mafundo ilikuwa yangu. Kamba ya mbuzi ikikaza, aliitwa Mwanaidi. Mfuko wa chumvi ukifungwa na mtu mwenye hasira, Mwanaidi. Nilijivunia kazi hiyo. Sikujua kwamba ingefika siku ningetamani vidole vyangu viwe vinene kama vya watu wengine.

Kwetu ni Chiwata, mahali ambapo msimu wa korosho ukifika hata usingizi unanuka mabibo. Msimu ninaousema, dada yangu Somoe alikuwa na miaka kumi na sita na mimba ya miezi minane. Alikuwa kidato cha tatu. Wakati ule sheria ilikuwa fupi: msichana akipata mimba, shule imekwisha. Aliletewa barua, akarudisha vitabu, akabaki na sketi ya bluu isiyomwingia tena. Kijana mwenye mimba ile, mwanafunzi mwenzake, alihamishiwa kwa mjomba wake Newala, akaendelea na masomo. Tulisikia kwamba huko alilalamikia shida ya maji. Hiyo ndiyo adhabu pekee ninayojua aliipata.

Adhabu ya Somoe ilikuwa nyumbani. Kijiji kizima kilimwita baba yetu Baba Somoe, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama ilivyo desturi. Tangu barua ile ije, alianza kuwasahihisha watu.

"Shikamoo, Baba Somoe."

"Marahaba. Mimi Baba Mwanaidi."

Alisema hivyo dukani, alisema hivyo msikitini, bila kupandisha sauti. Nami kwa ujinga wangu nilifurahi siku mbili tatu kwamba jina langu limepanda cheo, mpaka siku nilipouona uso wa Somoe akisikia.

Bibi, mzaa Mama, ndiye aliyekuwa mkunga wetu. Alitaka kumchezea Somoe litiwo, ngoma ya mimba ya kwanza kwetu sisi Wayao, ambapo wanawake humkalisha mja mzito, wakamwimbia, wakamfunza mwili wake na namna ya kumpokea mtoto. Baba alikataa. Litiwo, alisema, ni la mwenye mume. Kwa hiyo shule ilimnyima Somoe somo kwa sababu ana mimba, na ngoma ikamnyima somo kwa sababu hana mume. Nikikumbuka hilo leo, baada ya kusoma kwangu kote, bado natafuta pa kuitupa hasira hii na sipapati.

Miiko, lakini, hakunyimwa. Usisimame mlangoni, mtoto atasimama njiani. Usile mayai. Na juu ya yote, miiko miwili mikubwa ya Bibi. Wa kwanza, nguo za mtoto hazishonwi kabla mtoto hajalia. "Nguo haimtangulii mwenyewe," alisema, "ikimtangulia inabaki bila mwenyewe." Wa pili ulihusu kazi yangu: siku ya kujifungua, nyumba isibaki na fundo hata moja, kwa maana kilichofungwa ndani ya nyumba kinamfunga mtoto tumboni.

Siku moja nilimkuta Somoe nyuma ya jiko ameitandaza sketi yake ya shule mapajani, anaifumua kwa wembe, uzi mmoja mmoja. Pembeni yake palikuwa na vishati viwili vya bluu, vidogo kama vya mwanasesere.

"Utamwambia Bibi?" akaniuliza.

"Kwani mtoto hatakufa?"

"Atakufa kwa baridi, akija akakuta sina kitu. Muuguzi kasema niandae nguo, kanga safi, pamba, na wembe ambao haujatumika. Nina sindano na sketi. Naanza na nilicho nacho."

Nikashika kishati kimoja. Kifuani alikuwa ameshonea mfuko wa sketi, mzima, karibu ukubwa wa kishati chenyewe.

"Mtoto mchanga mfuko wa nini?"

"Wa kalamu," akasema, kisha akacheka mpaka akashika tumbo. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu ile barua.

Ndipo akanionyesha kadi yake ya kliniki. Nilikuwa darasa la tatu na nilisoma kila kitu, hata maandishi ya kwenye magunia, kwa hiyo niliisoma kwa sauti na kwa majivuno. Muuguzi wa zahanati alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: umri mdogo, nyonga nyembamba, asizalie nyumbani, ajifungulie hospitali.

"Baba anajua?"

"Nitamwambia leo."

Alimwambia jioni hiyo, Baba akiwa amechutama anaanua korosho mkekani.

"Baba, muuguzi kasema nisizalie nyumbani. Mwezi ukiingia nikakae Masasi, karibu na hospitali."

Baba hakuinua uso. "Mama yako kakuzalia wapi?"

"Hapahapa. Lakini kasema nyonga zangu..."

"Huyo muuguzi ndiye aliyekupa mimba?"

"Hapana, Baba."

"Basi asinipangie safari msimu wa korosho."

Somoe alirudia maneno hayo mara mbili nyingine katika majuma yaliyofuata. Mara ya tatu Baba aliinuka akaenda zake, akamwacha anauambia mkeka. Mama alikuwepo, akitwanga. Nakumbuka mchi ulisimama hewani kidogo, kisha ukaendelea. Bibi hatukumwambia. Kumwambia mkunga kwamba umekatazwa mikono yake, Somoe alisema, ni kumtukana. Na kadi ingemfikisha Bibi kwenye nguo, maana muuguzi ndiye aliyeagiza ziandaliwe.

Basi Somoe akaviviringisha vishati, vimefika vitatu sasa na kofia, akaiweka kadi katikati, akalifunga furushi kwa mkanda wa sketi ileile. Alilifunga kwa nguvu, fundo juu ya fundo. Tukalificha juu ya dari ya jiko, ndani ya kitunga kibovu.

"Ukisema, Mwanaidi, mimi si dada yako tena."

Uchungu ulianza alfajiri, siku ambayo gari la kukusanya korosho lilikuwa linatarajiwa. Jua lilipokuwa la saa nne, Bibi alitoka mlangoni akaniita. Mtoto hashuki. Fungua.

Sijawahi kufanya kazi kwa bidii kama ile. Nilifungua kamba za mbuzi, wakakimbilia kunde za jirani. Nilifunua vyungu, masanduku, chupa ya mafuta ya taa. Nilifumua nywele zangu, nikaingia ndani nikafumua za Mama, kisha za Somoe, ambazo zilikuwa zimelowa jasho na kuniteleza vidoleni. Yeye aliuma kanga na kutazama paa.

Bibi na Baba hawakuwa wakisemezana uso kwa uso. Mkwe ni mtu wa heshima, na Bibi alikuwa mtu wa adabu za zamani. Maneno yao yalipitia kwa mtoto, na mtoto huyo nilikuwa mimi. Baba alikuwa uani, hatua tano tu kutoka mlangoni, amekaa kando ya magunia yake mawili yaliyoshonwa midomo tayari kwa gari.

"Mwanaidi, mwambie baba yako afungue magunia yake."

"Baba, Bibi anasema ufungue magunia."

"Nimesikia," akasema Baba. Akatoa kisu, akakata nyuzi za gunia la kwanza, akakata na za la pili. Korosho zikamwagika miguuni pake na hakuziokota.

Picha hiyo nimeibeba miaka yote hii. Neno la muuguzi alilikataa mara tatu, neno la fundo alilitii mara moja, tena bila kuuliza.

Adhuhuri ikaadhiniwa. Ndani, sauti ya Somoe ilikuwa imeshuka, na kushuka kwake kulinitisha kuliko vilio vya asubuhi. Bibi akatoka tena. Mikono yake iling'aa mafuta. Akainama mpaka macho yetu yakawa sawa.

"Mjukuu wangu, kuna kilichobaki?"

Nilijua kilichobaki. Kwa imani yangu ya miaka tisa, nilijua pia kwamba mimi ndiye ninayemuua dada yangu, kwa kunyamaza tu. Na nikisema, nimempoteza vilevile, kwa maana ameshaniambia hatakuwa dada yangu. Nilichungulia ndani. Somoe aligeuza kichwa, akaniona, akaelewa. Akatikisa kichwa: hapana.

Nikakimbilia jikoni.

Fundo lile lilinishinda. Vidole vilivyofungua mafundo ya nyumba nzima viliteleza juu ya mkanda wa sketi. Nikatumia meno. Nilipolifungua, nilikuwa nimeshafika miguuni pa Bibi, na vishati vikaanguka chini mbele yake, kimoja baada ya kingine, na mfuko wa kalamu juu.

Bibi aliokota kile chenye mfuko. "Nani kashona?"

"Dada."

"Kabla mtoto hajalia."

Nilisubiri kofi. Halikuja. Alikuwa anatazama chini. "Na hiyo karatasi?"

"Kadi ya kliniki."

"Inasemaje?"

Nikasoma. Safari hii sikuwa na majivuno. Bibi akasema, "Rudia." Nikarudia. Kutoka ndani Mama akasema kwa sauti ndogo, "Mama, hayo mtoto aliyasema. Alimwambia baba yake. Mara tatu."

Bibi alisimama na kile kishati mkononi. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona kabla yake, wala sikuliona tena. Alivuka ua, akaenda kusimama mbele ya mkwewe, uso kwa uso.

"Baba Somoe."

Baba aliinamisha kichwa kwa haya, kama ipasavyo.

"Nakuita wewe, Baba Somoe. Mikono hii imepokea watoto wa kijiji hiki, na wewe unajua. Lakini haijapata kupokea mtoto wa mtoto. Aliyeandika ile kadi alijua. Mwanao alijua. Huyu mdogo alijua. Mimi nilikuwa nafungua mbuzi! Nenda barabarani, ulete gari."

Baba alikimbia. Alizikanyaga korosho zake akakimbia, kandambili moja ikabaki uani.

Alirudi na lile gari la korosho, Kenta iliyojaa nusu. Dereva alishuka akaona godoro linaletwa, akakuna kichwa. "Bibi, shikamoo. Hili gari nimetumwa korosho."

"Marahaba, mwanangu. Korosho haifi ikichelewa. Panga magunia yalale sawa."

Akayapanga. Somoe alilazwa juu ya korosho za watu, Mama upande mmoja, Bibi upande wa pili, na Baba akasimama nyuma ameshika bomba la gari kwa mkono mmoja na mwavuli wa kumtilia Somoe kivuli kwa mwingine. Mimi niliachwa kuwatafuta mbuzi. Niliwatafuta nikilia, na jirani mwenye kunde alinitukana mpaka alipoelewa, akalia pamoja nami.

Walimpasua Masasi, mchana huohuo. Mtoto wa kike. Alivishwa kishati chenye mfuko.

Bibi aliisimulia habari hii mpaka alipofariki, na kila mara aliimaliza vilevile: "Mnaona? Lilikuwa limebaki fundo moja tu." Nilipokuwa chuoni nilikuwa nikirudi likizo na kubishana naye. Nilimwambia ni kadi, Bibi, ni nyonga, ni gari. Alinisikiliza kwa upole, kisha akasema, "Na kadi ilikuwa wapi?" Nilikasirika, kwa sababu alikuwa amekaribia ukweli kuliko sisi wote. Angalau yeye alitafuta. Alitafuta kwa mbuzi na vyungu, lakini alitafuta. Sisi wengine tulikuwa tumeshaambiwa. Somoe alisema kwa kinywa chake, kwa Kiswahili chepesi, mara tatu, na ilibidi maneno yake yafichwe ndani ya furushi, yafungwe, yafunguliwe na mtoto kwa meno, ndipo yasikike. Na mimi, niliyejua kusoma, niliisoma ile kadi kama nilivyosoma magunia, nikairudisha mahali pake.

Dada yangu hakuacha kuwa dada yangu. Siku hizi ana cherehani yake Masasi, na jioni anasoma ili afanye ule mtihani wa kidato cha nne aliokatizwa. Sheria ilibadilika, msichana anayejifungua sasa anaruhusiwa kurudi darasani. Somoe aliposikia habari hiyo redioni alisema "Vizuri," akabadilisha uzi.

Mwaka huu binti yake ameingia kidato cha kwanza. Nilikuwepo, nikimkatia nyuzi, siku Somoe alipokuwa anamshonea sketi, ya bluu, yenye pindo pana la kushushwa akirefuka. Baba alikuwa ametoka Chiwata kuja kumwona mjukuu wake, amekaa kibarazani na kahawa. Mzee mmoja akapita njiani, mtu wa kwetu wa zamani, akamtambua.

"Baba Somoe! Hujambo?"

Nikainua uso. Baba akakitazama kikombe chake.

"Sijambo," akasema. Hakusahihisha.

Cherehani ilisimama kidogo, kama ule mchi wa Mama, kisha ikaendelea. Nilitaka kufurahi. Somoe amesubiri miaka kumi na mitatu, akalipwa kwa neno moja ambalo Baba hakulisema. Nilivuta pindo la sketi upande wangu, nikaendelea kukata nyuzi.