Unga wa Jasi Kichwani mwa Baba

Fundi anayetutengenezea dari hapa Amborovy amekata mbao za jasi asubuhi nzima, na vumbi jeupe limemjaa nywelini. Ananiomba maji anawe. Harufu ile kavu inanisimamisha mlangoni, ndoo mkononi.

Baba alikuwa mpakizi bandarini Mahajanga. Malori yalileta mawe ya jasi yakipitia Belobaka, kiwanda kikayachoma na kuyasaga, naye akapakia magunia ya unga kwenye matishali, mashua za kupeleka shehena melini. Unga ule ukipata maji huwa jiwe. Kwa hiyo kila jioni alichuchumaa uani, nikampangusa kichwa kwa brashi ya makumbi kabla hajagusa maji.

"Masikio usiyasahau, mwanangu," alikuwa akisema.

Siku moja rundo la magunia lilimporomokea ndani ya tishali. Wenzake walimleta nyumbani maiti, mweupe mwili mzima. Waoshaji kutoka msikitini hawakuwahi kushika jasi maishani mwao, na walitaka azikwe kabla ya alasiri. Walifunga pazia, nikasikia kata ya kwanza ya maji ikimwagwa.

"Mpanguseni kwanza!" Mama alipiga kelele kutoka chumbani. "Jamani, mpanguseni kwanza!"

Nilisimama nje ya pazia na brashi yangu. Hakuna aliyetoka kuichukua.

Waliponiita nimuage, walikuwa wamesugua mpaka wamechoka. Baba hakuwa na hata unywele mmoja wa mvi, lakini tulimzika na kichwa cheupe kama cha babu yake.

"Mama, maji," fundi ananiambia tena.

Naweka ndoo chini, mbali naye, na kumwambia achuchumae.