Mwenye Gitaa Aonje Kwanza

Gitaa lililomuua kaka yangu tulikaa nalo uvunguni mwa kitanda changu msimu mzima wa ngano, na msimu wote huo sikulala vizuri. Najua, mbao na nyuzi haziwezi kumfuata mtu. Kamweleze hayo aliyekuwa analala juu yake.

Kaka alikuwa fundi umeme wa shamba la serikali la ngano. Gitaa aliachiwa na mtaalamu wa kigeni aliyerudi kwao, gitaa la umeme la aina ambayo hata wanamuziki wa Arusha walikuja kulishangaa. Kaka akang'oa zile sumaku zilizo chini ya nyuzi, zinazonasa sauti, akafunga nyingine zenye nguvu zaidi. Juma hilohilo, akipiga kwenye bwalo la shamba, mvua ikinyesha na sakafu imelowa, umeme ukampiga. Watu wa kijijini kwetu Mogitu wakasema ni zile sumaku mpya. Fundi mwenzake akasema gitaa halina kosa, ni amplifaya, waya wake ulichubuka na ameshautengeneza. Aliyasema hayo mikono ikiwa mfukoni.

Mama alitaka liuzwe. Mimi nilitaka tulizike. Niliogopa kumuuzia mtoto wa mwenzetu kifo.

Mnunuzi alitoka Balangdalalu, mwalimu wa kwaya, kijana mpole ambaye mkewe alikuwa mjamzito. Tukampeleka karakana ya shamba, maana nyumbani hatukuwa na umeme, na gitaa lile bila umeme halisemi kitu. Yule fundi mwenzake kaka akachomeka waya, kisha akarudi nyuma mpaka mlangoni. Amplifaya ikaanza kuunguruma.

Mwalimu hakuligusa.

"Habari zake nimezisikia," alisema kwa adabu. "Mama, samahani. Kwetu mwenye pombe ndiye anaonja kwanza."

Hilo halikuwa na ubishi. Hata kwetu humpi mgeni kibuyu ambacho wewe mwenyewe hujakinywea. Atajua umemtilia sumu. Na wenye gitaa tulikuwa sisi. Nikanyoosha mkono, nikaurudisha. Sioni aibu kusema hivyo. Niliogopa kufa.

Mama akanisukuma kwa bega.

"Kama linakula watu, linile mimi," akasema, akalaza kiganja juu ya nyuzi zote.

Mngurumo ukakatika. Nikajua amekufa. Nilimkamata gauni nikamvuta huku nalia, naye akanigeukia kwa mshangao.

"Mbona limenyamaza?" aliuliza.

"Magitaa ya umeme yako hivyo, mama," mwalimu alimjibu. "Likishikwa linatulia."

Mama akaondoa mkono, likaunguruma. Akaurudisha, likatulia. Akaondoa tena, akarudisha tena, na hakuna aliyemharakisha.

"Lichukue," alimwambia mwishowe. "Lakini mvua ikianza, uache kupiga. Hata kama ni katikati ya wimbo."

"Nitaacha, mama."

Nilidhani hofu ya nyumba yetu imeondoka na lile gitaa. Kumbe wapi. Miaka yote iliyofuata, mpaka mashamba ya ngano yalipokufa, mawingu yakitanda upande wa Balangdalalu mama aliacha kazi yoyote aliyokuwa nayo, akaenda kusimama uani. Nikimwita ndani hakuja. Aliingia pale tu mawingu ya kule yalipotawanyika.