Kutafsiri Bila Mtani

Mpaka leo sijui ile sehemu ya kwanza ya msimu mpya wa tamthilia yetu ilihusu nini. Niliitafsiri mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, mbele ya banda zima la video pale Itetemia, Jumapili saa tisa mchana, na ukiniuliza nani aliua na nani aliuawa nitakwambia kaulize wengine. Watu wananisimamisha njiani, wananiambia hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nawashukuru, lakini sielewi.

Siku za kawaida mimi ni fundi viatu, nina kibanda changu karibu na soko la Tabora. Jumapili ndiyo nilikuwa mtafsiri wa filamu. Sasa ukisikia mtafsiri, usidhani najua lugha. Kiingereza changu kiliishia darasa la saba, na hata huko kilifika kikichechemea. Tamthilia yenyewe inatoka nchi ya mbali, watu wake wanaongea haraka kama wanagombania sufuria, na chini ya picha yanakimbia maandishi madogo ya Kiingereza. Maandishi hayo alikuwa anayasoma mtani wangu. Mimi ni Mnyamwezi, yeye ni Mzaramo, fundi redio, alikuja Tabora kumfuata mke na hakurudi tena kwao. Kiingereza alikipata Dar es Salaam alipokuwa mhudumu wa hoteli. Tulikaa viti viwili mbele ya watu, yeye ananinong'oneza sikioni, mimi naachia kwenye kipaza sauti. Yeye macho, mimi mdomo, miaka yote hiyo.

Tamthilia inahusu wapelelezi wawili, mmoja mrefu, mwingine mfupi, nasi tuliwaita hivyo hivyo, Mrefu na Mfupi. Tatizo lilikuwa moja. Wale watu walikuwa wanatukanana kutwa nzima, halafu wanakula sahani moja, na mmoja akipigwa risasi mwenzake anambeba mgongoni huku bado anamtukana. Watu bandani wakaanza kuuliza, hawa ni ndugu au ni maadui? Mtani alikodoa macho kwenye maandishi Jumapili tatu, hakuona maelezo yoyote. Nikasema mimi: jamani, hawa si watani tu? Tukaafikiana. Mrefu tukamfanya Mnyamwezi, Mfupi tukamfanya Mzaramo. Kuanzia hapo Mfupi akawa anamwita mwenzake mpagazi, eti babu yake alimbebea Mwarabu pembe za ndovu kutoka huku hadi Bagamoyo akapewa kipande cha kaniki, akashukuru. Mrefu naye anamjibu kwamba Mzaramo hajawahi kubeba hata kikapu, kazi yake ni kucheza ngoma na kungoja nazi idondoke. Watu walivunjika mbavu, na hakuna aliyeuliza tena.

Basi kabla msimu mpya haujafika, mama yangu akafariki.

Alifia nyumbani, Puge. Kutoka Tabora hadi Puge si safari ya kumtisha mtu, ukipanda basi la asubuhi unafika na mchana mzima uko mbele yako. Lakini nilikuwa sijaenda mwaka mzima. Mara viatu vya wanafunzi, mara mvua, mara hivi, mara vile. Mama alikuwa anaumwa magoti, nami nilimwahidi kwenye simu kwamba nitamshonea viatu laini vya ngozi, visivyo na kisigino, nivipeleke mwenyewe. Kila akipiga simu anauliza viatu, kila akiuliza namwambia wiki ijayo. Siku ya msiba nilifika na pikapu, nyuma kuna sanduku.

Mtani alikuwa ameshafika. Kwetu mtani msibani ana kazi yake, kila mtu anajua, na mtani wangu hakuwa mtu wa kufanya kazi nusu nusu. Alilala mlangoni akasema sanduku halipiti mpaka apewe kuku. Akawagombeza wachimba kaburi kwamba wamechimba shimo la Mnyamwezi mvivu. Wanawake waliokuwa wanalia wakawa wanalia na kucheka. Halafu akaingia ndani, akatoka amejifunga kitenge cha mama, amevaa miwani yake ile iliyofungwa kwa uzi, ameshika fimbo yake. Akakaa kwenye kigoda chake pale kibarazani. Alikuwa amekula kwa mama mara nyingi, sauti yake aliijua vizuri kabisa.

"Wewe mwanangu," akaniita, "mwaka mzima nangoja uniletee viatu, leo umeniletea sanduku? Sanduku nivae miguuni?"

Watu wote walicheka. Hata shangazi alicheka, akajifuta kamasi na ncha ya khanga. Mimi nilisikia kofi, paa, ndipo nikajua kwamba ni langu. Miwani ya mama ikaanguka mchangani. Nikasikia mbuzi wa jirani analia.

"Umempiga mtani?" mjomba akaniuliza. "Msibani? Umempiga mtani msibani?" Alirudia kama mtu aliyesahau maneno mengine yote.

Mtani aliinuka. Alivua kitenge akakikunja vizuri, akaokota miwani akaiweka juu yake, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Pole kwa msiba, bwana," akasema. Akaenda barabarani kusubiri basi.

Bwana! Tangu tujuane hajawahi kuniita bwana. Aliniita mpagazi, aliniita kichwa cha nyundo, aliniita shemeji asiye na dada. Neno hilo liliniuma kuliko chochote alichowahi kunitukana.

Tulipokutana sokoni baada ya hapo, ilikuwa hivyo hivyo. "Habari za kazi, bwana?" "Nzuri, bwana." Na kila mtu na njia yake. Nilikuwa tayari aniite punda mbele ya watu, nimnunulie soda. Wengine walinishauri nichukue jogoo niende kwake nikamwombe radhi. Niliondoka mara mbili, nikafika kona ya kwake, nikarudi na jogoo wangu kwapani. Nimwombe radhi kwa lipi? Alichosema kilikuwa kweli, tena kweli tupu. Sasa nilimpiga kwa kunikosea au kwa kutonikosea? Nilikuwa namkasirikia yeye, au mama kwa kufa, au mimi? Nilizunguka na maswali hayo mpaka kichwa kikauma. Jioni moja, bila kupanga, nikakata ngozi nyeusi nikashona vile viatu. Vilitoka vizuri sana. Nikavipanga rafuni, mtu akiuliza bei namwambia vina mwenyewe.

Msimu mpya ukaja kwenye flashi, dereva wa lori aliubeba kutoka Dar akaushusha kwa mama mwenye banda. Mama huyo anakaanga vitumbua mlangoni na anaendesha banda ndani, na maneno yake huwa machache. Aliandika ubaoni kwa chaki: MSIMU MPYA, WATANI WAMERUDI. Kisha akanitazama.

"Bila mwenzako utaweza?"

"Kwani picha si naziona?" nikamjibu. Jeuri tu.

Jumapili hiyo banda lilijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Mama mwenye banda aliweka viti viwili mbele kama kawaida. Nikakaa kimoja, kile kingine nikakiwekea koti.

Picha ikaanza, na mimi nikapotea hapo hapo. Mvua inanyesha. Watu wamevaa nguo nyeusi, wana miamvuli, kuna sanduku limefunikwa maua. Mrefu amesimama mbele, macho mekundu. Msimu uliopita uliishia wakimfukuza muuza silaha juu ya paa! Hili sanduku limetoka wapi? Maandishi yanakimbia, mimi nayafukuzia kama kuku. Nikakamata neno moja, nikaona kama ni lile la mama.

"Mama yake Mrefu amefariki," nikatangaza.

"Jamaniii!" wanawake wakaitikia. "Pole yake!"

Nikawaza, haya, angalau tumepata pa kuanzia. Kumbe nimejichimbia shimo. Kamera ikazunguka ikamwonyesha Mfupi. Yuko mbali kabisa, kando ya gari, analowana, hasogei.

Mstari wa mbele alikaa bibi mmoja ambaye hakukosa hata Jumapili moja. Akapaza sauti: "Mtani wake mbona kasimama kule? Si aje afanye kazi yake!"

"Kweli," wengine wakadakia. "Mtafsiri, anasema nini?"

Hakuwa anasema kitu. Nami nikakiinua kipaza sauti. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Haji," nikasema, "kwa sababu Mrefu alimpiga kofi."

"Lini?" bibi akauliza. "Mbona hatukuona?"

"Kabla. Nyumbani. Alikuwa anamwigiza marehemu."

"Si ndiyo kazi yake!" Bibi alisimama kabisa. "Unampigaje mtani? Ana akili kweli huyo Mrefu? Mama yako kafa, mtu kaacha shughuli zake kaja kukufuta machozi, wewe unampiga kofi? Mpumbavu mkubwa!"

"Shikamoo, bibi, naomba ukae," nikamwambia.

"Marahaba. Sikai! Mwambie Mrefu akaombe radhi!"

Banda zima likapokea. Akaombe radhi, akaombe radhi. Na kule kwenye picha, Mungu wangu, Mrefu akaanza kutembea kuelekea kwenye gari. Sijui alifuata nini. Akamfikia Mfupi, akasimama mbele yake, mdomo ukaanza kucheza. Akaongea, akaongea. Watu wakanyamaza wakinisubiri.

Nikasema. "Mtani wangu, sikukupiga wewe. Ulisema kweli mbele za watu, nikaona aibu, mkono ukatangulia. Mama aliniuliza viatu mwaka mzima. Nimekuja kwako mara mbili nikaishia kona. Bila wewe sioni kitu, naropoka tu. Niite jina lolote, lakini usiniite bwana."

Mrefu alikuwa ameshafunga mdomo kitambo, mimi bado naongea. Kisha mdomo wa Mfupi ukafunguka. Hapo sauti yangu ikakata. Ningeweza kumsemea, nimemsemea misimu miwili, lakini maneno yale yote yaliingia kwanza sikioni mwangu, kutoka kwa mtani. Sasa sikio lilikuwa tupu. Mfupi akaendelea kuchezesha midomo bila sauti, watu wanasubiri, mimi nimeinamisha kichwa.

"Kwanza lile kofi lenyewe lilikuwa la kizembe," sauti ikasema kutoka mlangoni. "Mababu zako wamebeba pembe hadi Bagamoyo, wewe mkono hauwezi hata kuangusha Mzaramo mmoja? Mpagazi mzima!"

Watu waligeuka. Mtani wangu alikuwa amesimama karibu na karai la vitumbua, mkononi ana bisibisi. Mama mwenye banda alikuwa amemwita aje kuangalia spika, eti ni mbovu. Baadaye niliikagua spika hiyo, haikuwa na tatizo lolote.

Alipita katikati ya watu, akalitupa koti langu chini, akakaa. Nilitaka kumshika mkono, akausukuma. "Tazama mbele," akasema. Akasoma maandishi kidogo, kisha akaniinamia sikioni.

"Nani kakwambia huyo marehemu ni mama yake?"

"Siye?"

"Ni bosi wao. Mwanamume. Ana ndevu."

"Mungu wangu. Na pale kwenye gari wamesema nini?"

"Nimekuta wanamalizia. Kuna habari ya ufunguo." Akasoma tena. "Hata mimi sielewi. Wewe acha awe mama. Ukimgeuza sasa hivi yule bibi atakuua."

Mfupi akatembea na Mrefu mpaka kaburini. Banda likatulia, kila mtu anajua kinachofuata. Mtani akanipokonya kipaza sauti, jambo ambalo hajawahi kufanya, na ile sauti ya Puge ikatoka kwenye spika.

"Wewe mwanangu, mwaka mzima nangoja viatu, leo umeniletea sanduku? Sanduku nivae miguuni?"

Watu walicheka mpaka benchi moja likavunjika. Nami nikacheka. Nilicheka na machozi yakaja, nikaacha yaje, kwa sababu hayo ndiyo yaliyotakiwa kutoka siku ile. Kisha nikasogea kwenye kipaza sauti nikajibu, ingawa Mrefu wa watu alikuwa amefumba mdomo kabisa: "Vipo, mama. Nimevishona. Vimechelewa tu."

"Viatu gani tena?" bibi akauliza majirani zake. "Vilikuwa sehemu ya ngapi hivyo?"

Mtani akanigeukia. Alinitazama usoni, si kwa utani. "Umevishona kweli?"

"Viko rafuni."

"Kesho nakuja kuvichukua. Cha marehemu ni cha mtani."

Alikuja asubuhi, kabla sijamaliza kupanga zana. Akavishusha rafuni mwenyewe, akakaa chini, akalazimisha miguu yake ndani mpaka nikasikia uzi unalia. Nikatoa kitenge, kile kile alichokikunja, nilikuwa nakiweka kwenye droo ya misumari. Akajifunga. Akapita katikati ya soko anachechemea kama mama, anasimama kila genge, anawaonyesha wauza nyanya miguu yake na kuwaambia mwanawe kamshonea. Watu wananiuliza kuna nini, mimi namfuata nyuma nikilia na kucheka, siwezi kumweleza mtu yeyote. Viatu vilimbana sana, lakini hakuvivua mpaka alipofika kwenye kibanda chake cha redio.