Kubonyeza Tu

Mume wangu nampenda, lakini siku ile alinitia aibu mpaka nikatamani ardhi ipasuke. Alisimama katikati ya duka la kutarizi aliloacha baba yake, wateja wamejaa, akamvua mdogo wake wa kike aproni. Aproni yenyewe marehemu ndiye aliyeitarizi neno "Fundi" kifuani. Mume wangu akachukua wembe, akafumua herufi moja baada ya nyingine, nyuzi zikadondoka sakafuni huku watu wanatazama.

"Duka sasa lina mwenyewe," akasema. "Kazi yenyewe ni kubonyeza tu. Nani asiyejua kubonyeza?"

Wifi yangu akaichukua aproni yake, akaikunja, akatoka. Mimi ndiye niliyebaki na hasira, maana binti huyo alikaa kwenye kompyuta na baba yake tangu anasoma, na nembo za sare za karibu kila shule ya mji ule kazichora yeye. Leo anafukuzwa kama paka aliyeiba nyama!

Haukupita muda, bwana mkubwa akaleta kompyuta mpya, nyembamba, akaiweka mezani kila apitaye aione. Ile ya mzee, lijidude la chuma zito lisilobebeka, akalitupa uani. Likanyeshewa mvua, kisha akamwita muuza vyuma chakavu aliondoe. Nilipompa wifi habari hizo, alinishika mkono kwa nguvu.

"Wifi, mashine ya kutarizi ina waya mpana. Kompyuta za siku hizi hazina tundu la waya ule. Na michoro yote imo ndani ya ile ya baba."

"Umemwambia kaka yako?"

"Nimwambie nini? Si kubonyeza tu?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Tukaenda kwa muuza vyuma, tukalikuta na skrini yake chini ya majiko mabovu, tukalibeba mpaka chumba alichopanga wifi. Akaapa mbele yangu kwamba kaka yake atakuja mlangoni pale kuomba. Lakini kwanza liwake. Lisipowaka, kazi yote aliyofanya na baba yake imekwenda na maji, na kinyongo kitamkaba yeye peke yake.

Basi ikawa kila nikitaka kwenda kwake namuaga mume wangu kwamba naenda kusukwa. Nilirudi na kichwa kile kile, wala hakuona.

Wifi alilifungua lile jidude akalisafisha kwa brashi ya rangi. Vumbi lilitoka, mende wakatoka, na nyuzi za rangi zote alizokuwa akitumia mzee. Sehemu ya kuingizia umeme ilikuwa imekufa, akatafuta nyingine kwenye makorokoro ya yule yule muuza vyuma. Akawasha. Feni ikazunguka, likapiga mlio mrefu, skrini nyeusi tii.

"Linalalamikia kumbukumbu," akasema. Akachomoa vile vipande vyembamba vya kumbukumbu, akavisugua miguu yake kwa raba ya kufutia penseli, taratibu, huku akisonya. "Kubonyeza tu," anasugua. "Kubonyeza tu," anasugua tena.

Huko nyumbani, mume wangu hali halali. Shule zinakaribia kufunguliwa, sare zimerundikana dukani hazina nembo hata moja, na mwalimu mkuu ameshasema atazipeleka kwingine. Aliyemuuzia kompyuta mpya alikuja, akaizunguka mashine, akakuna kichwa, akaondoka.

"Sijui ile takataka ya baba iko wapi," akaniambia mezani.

"Mh! Si uliitupa?" nikamwongezea mchuzi.

Wifi alipowasha tena, mlio ulikuwa mfupi. Maandishi yakapanda kwenye skrini. Betri ndogo ya saa ilikuwa imekufa, kwa hiyo lilidhani bado ni mwaka ule mzee yuko hai. Michoro ikafunguka mmoja mmoja, yote mizima. Wifi alilia, na sitaki kudanganya, alilia kwa hasira.

Siku ya pili yake mume wangu akafika, ametoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Muuza vyuma alikuwa amemwelekeza. Akanikuta nimekaa kitandani kwa dada yake, akamgeukia yeye.

"Mdogo wangu, tusaidiane. Hili ni duka la baba."

"Wala sikatai," wifi akasema. "Nitarudi, na fundi ni mimi. Ukitaka, libebe. Wewe mwenyewe, kichwani. Usiite mkokoteni."

Thubutu akatae! Alilibeba. Alipita nalo mtaa mzima, jasho linamtiririka, na wale wale walioshuhudia wembe wakatoka milangoni. Mimi nilifuata nyuma nimebeba skrini, na roho yangu ilikuwa nyeupe.

Dukani wifi akavaa aproni yake. Matundu ya sindano ya neno lililofumuliwa bado yalionekana. Akachomeka waya, akakaa, akaandika kitu kwenye skrini. Kisha akanyoosha mkono.

"Kaka, nipe aproni yako."

Akaibana kwenye fremu ya mashine.

"Haya. Bonyeza."

Mume wangu akabonyeza. Sindano ikaanza kukimbia, naye akainama kusoma herufi zinazotoka kifuani mwa aproni yake mwenyewe. Ziliposomeka "Msaidizi", aliinua macho akanitazama mimi. Nikamwambia sare zinasubiri.

Mpaka leo anaivaa. Mimi ndiye ninayeifua, na ninaifua polepole, uzi usije ukafumuka.