Pampu ya Trekta la Bustani

Mwezi uliopita gari la mjukuu wangu lilituzimikia Engutoto, mimi nikiwa ndani na kikapu changu cha ndizi. Fundi akalifungua, akasema ni pampu ya mafuta, akatoa mpya kwenye boksi na kuifunga huku anaongea na simu. Mjukuu akaniuliza mbona nimekwenda kusimama mbali vile. Nikamwambia nakimbia jua. Uongo mtupu, siku hiyo hata mlima haukuonekana kwa mawingu. Wewe nitakueleza ukweli, maana kwa umri huu nikificha, namficha nani?

Nilikulia kwenye shamba la kahawa la mzungu, chini kidogo ya Nkoaranga, enzi za Mwingereza. Baba alikuwa dereva wa shamba, na fundi pia kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Mama alichuma kahawa na kuianika. Nikikumbuka asubuhi zile, kwanza inanijia harufu ya maganda ya kahawa yakichacha kwenye shimo, halafu loshoro ya mama, mahindi na maziwa ya mgando, baridi mpaka meno yanauma. Kengele ya kanisa ilisikika kutoka juu, nami nilikuwa kwenye mfereji nikiteka maji, miguu imekufa ganzi. Ukiniachia hapo utadhani nilikulia peponi.

Mzungu wetu alitembea na kiboko kama wengine wanavyotembea na fimbo. Alipiga kwa sababu na alipiga bila sababu. Nilimwona akimpiga mchumaji mmoja mjamzito kwa kuwa kikapu chake kilikuwa na punje mbichi. Nilimwona akimpiga punda mpaka punda akapiga magoti. Sisi watoto tulijifunza kumjua kwa mgongo wa mtu aliyekutana naye kabla yetu.

Basi mzungu huyu akanunua trekta dogo la bustani, la mtumba, limeshatumika sana. Lilitengenezwa kwa ajili ya watu wenye nyasi tambarare mbele ya nyumba. Yeye akalifungia tela la mbolea na kulipeleka kwenye kahawa, mlimani. Tangi lilikuwa nyuma, chini ya kiti, na petroli ilitiririka yenyewe kwenda kwenye injini mbele. Kwenye tambarare hapakuwa na tatizo. Lakini ukilipandisha, pua inakuwa juu na petroli inabaki nyuma. Injini inakohoa mara mbili, inakufa, na trekta linaanza kurudi na tela lake.

Kila lilipokufa, baba alipigwa. Hapohapo kwenye kiti, kabla hajashuka. Alijaribu kueleza habari ya tangi, akapigwa kwa kueleza.

Na hapa ndipo ninapotaka unielewe vizuri. Kile kiboko hakikuishia mlimani. Jioni kiliteremka na baba mpaka nyumbani. Chumvi ikizidi, mama alipigwa. Mama akishapigwa, mwiko ulinitafuta mimi, nami nikishapigwa nilimtafuta mdogo wangu. Nina kovu hapa juu ya nyusi la kuni ya mama, na mdogo wangu alikuwa na jino moja pungufu kwa sababu yangu. Mama akishatulia alikuwa anasema, "Hasira hasara," huku ananikanda kwa maji ya moto. Alikuwa anasema kweli, ila alikuwa anasema akiwa amechelewa.

Kwa hiyo nilijua hesabu ya nyumba yetu: trekta likipanda, hakuna anayepigwa. Nililiombea trekta lile kanisani. Wenzangu waliomba mvua.

Baba ndiye aliyepata dawa. Kwenye korongo kulikuwa na gari la mzungu mwenyewe, alilolibingirisha akiwa amelewa. Ndani yake baba alikuta pampu ya mafuta ya umeme ikiwa nzima. Akaenda kuomba, kofia mkononi. Mzungu akamwambia kwa kile Kiswahili chao, "Wewe funga. Kama hapana panda mlima, mimi fukuza wewe na bibi na toto yote."

Alifunga Jumapili baada ya ibada, na mimi nilikuwa naye tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa mikono yangu ilipenya pasipopenya yake. Pampu tuliiweka chini ya tangi, juu ya kipande cha tairi ili isitikisike sana. Bomba la shaba nililipuliza kwa mdomo kutoa uchafu, na siku mbili chakula changu kilikuwa na ladha ya petroli. Trekta halikuwa na betri, hivyo baba akafunga ya lori kwa mpira nyuma ya kiti, na swichi akaitoa kwenye gari lilelile, akaibana chini ya miguu ya dereva, kando ya injini. Alipoiwasha, pampu ikaanza kugonga, tik-tik-tik, haraka, halafu polepole, halafu kimya.

"Ikinyamaza imeshiba," baba alisema.

Lakini haikunyamaza muda mrefu. Ikagonga tena, na petroli ikaanza kudondoka kwenye kabureta. Baba alifungua, akanionyesha kisindano kidogo kinachozuia mafuta yasizidi. "Hiki kimezoea petroli inayokuja kwa upole. Pampu inakisukuma. Injini ikiwa inaunguruma, inakunywa yote, hakuna shida. Ikizimwa, lazima na swichi izimwe papo hapo. La sivyo petroli inamwagika juu ya moto wa injini. Umesikia, mama?"

Baba alikuwa akiniita mama alipokuwa na furaha, nami sikuwa nimeitwa hivyo siku nyingi. Nikasema nimesikia. Akanifanya niizime na kuiwasha mara kumi.

Jumatatu trekta lilipanda na tela limejaa, likapinda kule juu na kushuka bila kukohoa. Wiki mbili, rafiki yangu. Wiki mbili hakuna aliyepigwa nyumbani kwetu. Baba alimletea mama kitenge. Mdogo wangu alianza kucheka tena kwa sauti, kicheko chake cha pengo, nami nikampa nyama yangu siku mbili mfululizo.

Halafu mzungu akapata wageni, akataka kuwaonyesha trekta lake linavyopanda. Baba akamwambia mbele yao, "Bwana, trekta likizimwa na swichi hii izimwe. Ni lazima."

"Mimi jua," mzungu akajibu. Akampiga kiboko kimoja cha bega, si kwa hasira, kwa kuchekesha wageni tu. Nao walicheka. Mimi na mama tulikuwa juu yao kidogo, kwenye meza za kuanikia kahawa, nikigeuza punje, na nikaona jinsi baba alivyotazama chini. Nikajua jioni hiyo nyumbani kutakuwaje.

Mzungu akalipandisha mwenyewe mpaka kwenye meza zetu, wageni wakifuata kwa miguu kwa mbali, na baba nyuma yao akibeba mawe ya kuzuia magurudumu. Akalizima kama lilivyozimwa siku zote, kwa kukanyaga kibati kinachogusa plagi na kukata cheche. Swichi hakuigusa. Wala hakuikumbuka, nadhani, kwa kuwa trekta lake halikuwahi kuwa na swichi, na mtu mweusi ndiye aliyemwambia. Akabaki kitini, akawasha sigara.

Nilikuwa hatua tano. Nilisikia pampu ikigonga. Nikasubiri inyamaze, haikunyamaza. Nikanusa petroli. Nikaona majani chini ya injini yakilowa.

Nilijua kila kitu, rafiki yangu. Hakuna mtu mwingine pale juu aliyejua. Ningeweza kupiga kelele, au kufika na kuizima kama nilivyoizima mara kumi. Niliendelea kugeuza kahawa. Moyoni nikasema: aungue. Nilisema hivyo kwa Kimeru, polepole, kama mtu anayesali.

Sikumfikiria baba. Yeye alifika juu, akasikia, akatupa mawe na kukimbia. Hakuwa na muda wa kuomba ruhusa. Alimsukuma mzungu kutoka kitini na kuingiza mikono yote miwili chini, kwenye swichi. Mzungu aliinuka akiwa amesukumwa na boi wake mbele ya wageni, akainua kiboko, akapiga shingo na mgongo, akapiga tena, na sigara ikamtoka mdomoni. Moto haukusema neno, ulikuwa chini na mara ukawa juu. Mzungu aliruka, suruali ikaungua ukingo. Baba alikuwa bado ndani mpaka mabegani. Sauti aliyoitoa sijaisikia tena kwa binadamu wala mnyama. Mama alimvuta kwa kiuno, akamwangusha kwenye punje na kumfunika kwa magunia, na yule mzungu aliendelea kumpiga juu ya magunia.

Tulifukuzwa siku hiyohiyo. Vyombo vyetu vilitupwa njiani na mlango wetu ukavunjwa kwa shoka mbele yetu. Wanaume walimbeba baba kwa machela kwenda hospitali ya misheni, na huko wakamtunza vizuri, akapona. Lakini vidole vilishikana na mikono ikakunjamana. Hakushika tena spana. Hakutupiga tena, hakuweza. Nyumba yetu ikapata amani, na amani ile nilishindwa kuila.

Aliniuliza mara moja tu, bandeji zikiwa bado hazijatolewa. "Ulikuwa karibu. Hukuisikia?"

"Sikuisikia, baba."

"Upepo," akasema.

Lile shamba sasa ni viwanja. Watu wamejenga, wana mageti na maua. Mfereji umekauka, shimo la maganda hakuna anayejua lilikuwa wapi, na wale wageni waliocheka nadhani walikufa zamani kwao. Mama amekwenda, mdogo wangu amekwenda. Wanangu wanamkumbuka babu yao kuwa mzee mpole kupita wote, asiyewahi kuinua mkono, nami ninawaacha wamkumbuke hivyo.

Mimi ndiye niliyemwosha uso na kumlisha kila asubuhi mpaka nilipoolewa. Nilimtia kijiko mdomoni, yeye akameza, akanitazama, na kila asubuhi, bila kukosa hata moja, akaniambia, "Asante, mama."