Doa la Utomvu Kwenye Gia

Mafuta ya taa yakichanganyika na utomvu wa ndizi hutoa harufu chungu, kama dawa iliyosahaulika kwenye chupa. Kila nikiisikia namkumbuka baba mdogo Projestus, na simkumbuki kwa wema. Najua haipendezi binti kumsema hivyo mdogo wa baba yake. Lakini mimi ni mtu wa aibu, nikiulizwa jambo mbele za watu maneno hunikwama, kwa hiyo tangu shule ya msingi nimezoea kuandika kwenye daftari yale nisiyoweza kuyasema. Sasa niko kidato cha nne, naishi kwa shangazi, mtaa wa Bakoba, Bukoba mjini. Haya yalitokea masika nilipokuwa kidato cha kwanza, nyumbani kwetu, bondeni chini ya Kamachumu.

Shule ilikuwa juu, nyumbani chini, na katikati kulikuwa na mlima wa udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha unateleza kama sabuni. Baba, aliyekuwa akifanya kazi mbali, alininunulia baiskeli ya mtumba Bukoba mjini, ya bluu, yenye gia sita nyuma. Kijijini ilikuwa peke yake. Baiskeli nyingine zote zilikuwa zile nzito za kizamani zisizo na gia yoyote. Nilipoweka gia nyepesi kuliko zote, ile ya duara kubwa la meno, niliupanda mlima bila kushuka na kufika kabla lango halijafungwa. Aliyelikuta limefungwa alichapwa, kisha akafagia uwanja huku wenzake wakimwangalia. Viboko nilivivumilia. Kuangaliwa ndiko kulikonishinda.

Halafu gia zikaanza uhuni. Nikiweka ile nyepesi, mnyororo ulipanda, ukapitiliza, ukadumbukia kati ya meno na spoku, ukakwama hapo. Kabla ya hapo ulikuwa umenionya: tik, tik, tik, kitu kikigusa spoku. Nilichomoa mnyororo kwa vidole, nikafika lango limefungwa, mikono myeusi, sketi ina matope. Fundi Deo wa pale njia panda alilegeza waya wa gia kidogo, ikapona. Jumatatu iliyofuata, tena. Akalegeza tena. Jumatatu ya tatu nilikaa barabarani kwenye mvua nikaitukana ile baiskeli matusi ambayo sikujua kama nayajua.

Jioni ile baba mdogo alinipeleka kwa fundi mwenyewe, akaongea kwa sauti ya kusikiwa na wote waliokuwa wamejikinga mvua kibarazani.

"Huyu Jovina anachezea gia kama anabonyeza simu. Kra, kra, kra, njia nzima! Mtoto wa kike umpe mashine, unategemea nini?"

"Waitu, jamani, gia ni vitu vya lami," fundi Deo akajibu, akimkubalia. "Jumapili baada ya misa nileteeni. Nang'oa zote, nafunga duara moja tu la meno, inakuwa baiskeli ya watu."

"Ng'oa! Akasukume mlima kama wenzake."

Watu wakacheka. Mimi nikatazama miguu yangu. Bila gia nyepesi nisingeupanda ule mlima, ningechelewa kila siku ya Mungu, na kila mtu pale alilijua hilo. Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira, nikafungua daftari nisome wiki zangu. Ndipo nikaona nilichokuwa nimekiandika bila kukifikiria: Ijumaa nzuri, Jumatatu mbovu. Ijumaa nzuri, Jumatatu mbovu. Jumapili hakuna aliyeigusa. Jumamosi baba mdogo aliichukua kupeleka ndizi gulioni.

Jumamosi hiyo aliporudi nayo, niliiegemeza nyuma ya jiko nikaiosha kwa mafuta ya taa. Matope yalitoka, grisi ikatoka. Kwenye mkono wa gia, ule unaoning'inia nyuma wenye vigurudumu viwili vidogo, palibaki doa jeusi lisilotoka hata kwa mchanga. Aliyekulia kwenye kibanja cha migomba haulizi doa hilo ni la nini. Mama ana gauni zima lenye madoa hayo ya utomvu. Nikachuchumaa nyuma ya gurudumu, nikafumba jicho moja. Vigurudumu havikuwa sawa na meno. Mkono wote ulikuwa umeinamia ndani, kuelekea spoku.

Kwetu mwenye mzigo haendeshi, anasukuma, naye husimama kushoto kwa baiskeli. Kwa hiyo mkungu mmoja ukiwapo, hufungwa kulia kwa keria usimgonge mguu. Kwenye zile baiskeli za kizamani hakuna neno, kulia hakuna cha kuumia. Kwenye yangu, kulia ndiko uliko mkono wa gia. Kila Jumamosi mkungu uliukandamiza mkono huo kuelekea spoku, mlima mzima.

Jumapili, koleo la fundi likiwa tayari mkononi, sikuweza kusema. Nilimfungulia daftari, nikamwonyesha doa kwa kidole. Akasoma, akachuchumaa, akafumba jicho moja kama mimi. "Eh! Projestus, mbona ni mkungu wako huu?" Akaweka koleo chini, akachukua spana, akaunyoosha ule mkono taratibu. Kisha akazungusha pedeli, na mnyororo ukapanda hadi meno makubwa, ukatulia.

Baba mdogo hakuitazama gia. Alilitazama daftari. "Kumbe unatuandika? Mtoto anaandika wakubwa!" Akaichana karatasi ile, akafutia grisi mikononi, akaitupa. Hakuniomba radhi siku ile wala baadaye. Gia zangu zilibaki, nami nikaandika karatasi nyingine.

Hapa mjini barabara ni tambarare, ile gia nyepesi siihitaji sana. Mwezi uliopita baba mdogo alikuja kutusalimu, akashuka stendi na mkungu wa kumletea dada yake. Nilimpokea na baiskeli. Akauinua mkungu, akaenda nao moja kwa moja kulia, kama zamani.

"Kushoto, baba mdogo."

Neno hilo lilitoka lenyewe, tena kwa sauti, mbele ya waendesha bodaboda waliogeuka kututazama. Alisimama akinikodolea macho. Kisha akaufunga kushoto, akasimama upande huohuo aliouzoea, akasukuma. Ningeweza kumwambia apite upande wa pili. Nilitembea nyuma yake kimya hadi Bakoba, mkungu ukimgonga mguu kila hatua, na suruali yake ya kutokea ikazidi kuwa nyeusi kwa utomvu.